Barua kwa Mhariri: Kiwanda kilichokufa kinaweza kuwa msitu, ila tuanze na udongo

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi ila barua sijawahi kuandika, leo imebidi. Kila nikisoma habari za viwanda vilivyofungwa naona mjadala unaishia palepale, huyu anasema pauzwe pajengwe maghorofa, yule anasema paachwe hivyohivyo mpaka apatikane mwekezaji, na sasa kuna hili wazo la tatu ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, kwamba ardhi zile zigeuzwe misitu ya wananchi, sehemu ya miti ambayo mtu yeyote anaingia bure, anatembea, anakaa kivulini, watoto wanacheza. Naliunga mkono na wakati huohuo nina hofu nalo, na hiyo hofu ndo imenifanya nishike simu nianze kuandika. Naogopa tutalikimbilia tuliharibu.

Naongea hivi kwa sababu niliwahi kushiriki. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa kikundi cha watu wa mtaani, tukakubaliwa kupanda miti kwenye kiwanja cha kiwanda kimoja kilichofungwa zamani, mabati yalishang'olewa, yamebaki mapande ya zege na vyuma vyenye kutu. Siku ya kupanda ilikuwa nzuri mno, watu walikuja wengi, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, kila mtu na mche wake mkononi. Jembe likawa linagonga chini unasikia ngo, ngo, kama unachimba sakafu ya nyumba. Tukachimba vishimo vya kina cha kiganja, tukaisukumia miche humo, tukamwagia maji, tukarudi nyumbani tumefurahi. Mvua zilipoanza maji yakatuama kwenye vile vishimo siku kadhaa bila kuzama, mizizi ikaoza. Zilipokata udongo ukakauka ukawa tofali. Mwaka wa pili nikapita pale nikakuta vijiti, vijiti na vile viriba vya plastiki vya miche vimetapakaa. Niliumia sana jamani. Na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba watu wa mtaa wakajijazia jibu kwamba pale hapaoti kitu, na huwezi kuwalaumu manake hicho ndo walichokiona kwa macho yao. Waliotuita siku ya picha hawakurudi tena, na sisi wenyewe hatukujua hata tuwaulize nini.

Toka siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuwauliza wataalamu wa misitu na wa udongo kila nikikutana nao, na naomba niwape wasomaji yale ambayo natamani sana mtu angetuambia sisi kabla hatujabeba miche.

La kwanza ni hili la udongo kushindiliwa, na watu wengi hawalijui kabisa. Udongo wa shamba ukiushika una vinafasi vidogovidogo ndani yake, humo ndo hewa inapita na maji yanashuka, na mizizi inapumua, watu wanasahau mizizi nayo inapumua. Sasa fikiria kiwanja ambacho malori yenye mzigo yamepita juu yake miaka thelathini au arobaini, buldoza zimezunguka, mashine nzito zimekaa, halafu siku ya kubomoa vifusi vikasawazishwa vikakanyagwa tena. Vile vinafasi vimekufa vyote. Ukipanda mti hapo ni kama umeupanda kwenye beseni la zege, mizizi inazunguka kwenye kashimo kako inashindwa kutoka. Dawa yake ipo na haina uchawi, unaleta trekta lenye meno marefu ya chuma lipasue ardhi kwenda chini nusu mita au zaidi, na kazi hiyo inafanywa udongo ukiwa mkavu ili upasuke uachane, ukipitisha trekta kumelowa unazidi kushindilia. Kisha, na hapa wengi wanakosea, ukishapasua usiruhusu lori lolote lipite tena pale, hata lile la kuleta miche. Sisi hatukuwa na trekta, tulikuwa na majembe na nia nzuri. Nia nzuri haipasui ardhi.

La pili ni sumu, na hili naomba wazazi walisome taratibu. Kiwanda kinaondoka lakini vilivyomwagika vinabaki. Kuna madini mazito kama risasi (simaanishi ya bunduki, yale madini yanayotumika kwenye betri na kwenye baadhi ya rangi), kuna aseniki, kadmiamu, zebaki, kuna oili chafu, kuna lami, kuna vumbi la asbestosi kutoka kwenye yale mapaa ya zamani. Mafuta angalau vijidudu vya udongoni vinaweza kuyala polepole kama kuna hewa na rutuba. Madini hayaozi. Risasi iliyoanguka pale enzi za babu yako ipo palepale kwenye udongo wa juu, ambapo mtoto anacheza kisha anatia vidole mdomoni, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chochote cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, inadhuru ubongo wa mtoto unaokua. Kwa hiyo mtu akiniambia tunatengeneza sehemu ya watoto kucheza kwenye kiwanja cha kiwanda na hakuna aliyepima udongo, mimi siwezi kupiga makofi.

Mfano ambao haunitoki kichwani ni wa Love Canal, kule Niagara Falls, Marekani. Kampuni ya kemikali ilifukia kwenye mfereji mkavu tani zipatazo 21,000 za taka za kemikali kuanzia miaka ya 1940, ikafunika na udongo, na 1953 ikaikabidhi ile ardhi kwa bodi ya shule kwa dola 1. Dola moja! Shule ikajengwa, nyumba zikajengwa, juu kulikuwa na majani mazuri tu watoto wanakimbia. Miaka ya 1970 zile taka zikaanza kutokeza, zinaingia kwenye vyumba vya chini vya nyumba, watu wanaugua, na mama mmoja mwenye mtoto kwenye shule ile, Lois Gibbs, akaanza kupita mlango kwa mlango anauliza majirani. 1978 ikatangazwa hali ya hatari familia zikahamishwa, na 1980 Marekani ikapitisha sheria ya kusafisha maeneo yenye sumu inayoitwa Superfund. Ninachokichukua hapo ni kwamba majani ya kijani juu hayakuambii kitu kuhusu kilichopo chini, na ardhi ukipewa kwa bei ya kutupa unatakiwa uulize maswali mengi zaidi.

Kupima kwenyewe kunaeleweka. Unagawa kiwanja miraba miraba, unachukua sampuli kila mraba, za juu na za chini zaidi, zinaenda maabara. Lakini kabla ya hapo kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine, nacho ni wazee waliofanya kazi humo ndani. Wao wanajua shimo la oili lilikuwa wapi, betri zilikuwa zinapasuliwa kona ipi, lile tangi lililokuwa linavuja lilikaa wapi, usiku walikuwa wanamwaga nini nyuma ya stoo. Mtaalamu wa maabara asipoambiwa hayo anaweza kuchukua sampuli hatua ishirini kutoka kwenye sumu na akaandika pako safi. Sisi tulikuwa na mzee mmoja mtaani aliyefanya kazi pale toka kijana mpaka panafungwa, anaishi mita chache kutoka geti, na siku ile ya kupanda hakuna aliyemuuliza chochote. Alikaa kwenye kiti akatuangalia.

Na ukishajua sumu ipo wapi haina maana mradi umekufa. Pale palipozidi unachimba unaondoa, unapeleka mahali panaporuhusiwa kwa taka za aina hiyo, sio unahamishia kwa jirani. Kwingine unafunika kwa tabaka la udongo safi la kutosha na unapanda juu yake, miti na nyasi zinazuia vumbi kuruka na zinapunguza maji ya mvua yanayoshuka kuibeba sumu kwenda chini. Ila tuseme ukweli kwa watu, wasidanganywe kwamba miti itafyonza sumu yote mwaka mmoja kila kitu kiwe safi, hiyo kazi ya mimea kuvuta madini ipo lakini inakwenda kwa miaka mingi sana na kwa baadhi ya mimea na baadhi ya madini. Seattle kule Marekani kulikuwa na mtambo wa kutengeneza gesi uliofungwa 1956, mbunifu Richard Haag akapageuza bustani ikafunguliwa 1975, mitambo ya zamani imesimama mpaka leo katikati ya majani, ni moja ya bustani za kwanza za namna hii duniani na ninaiheshimu, lakini kazi ya kusafisha udongo wake iliendelea miaka mingi baada ya watu kuanza kuingia. Tukubali hivyo toka mwanzo, tuandike kwenye bajeti. Na kwenye ardhi ya namna hii isipandwe miti ya matunda wala mboga mpaka vipimo viseme inawezekana, najua inauma manake kila mtu akifikiria mti anafikiria embe.

Sasa nije kwenye miti yenyewe, hapa ndo napapenda. Tukiongelea nyika ya kiwanda kugeuka msitu hatuna haja ya kwenda mbali, upo mfano Bamburi karibu na Mombasa ambao dunia nzima inakwenda kujifunza. Pale walichimba mawe ya chokaa ya matumbawe kwa ajili ya kiwanda cha saruji toka miaka ya 1950, likabaki shimo kubwa jeupe, jua linawaka juu ya mwamba mtupu, hakuna udongo, maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja Mswisi, René Haller, akaanza kujaribu. Akapanda aina 26 za miti na zikapona 3 tu, yaani aina 23 zilikufa, na mimi hiyo namba ndo imenifariji kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa. Moja ya zile tatu ni mvinje. Mvinje unavumilia chumvi, unavumilia joto, na kwenye mizizi yake unaishi na bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuugeuzia chakula, kwa hiyo unaweza kuanza maisha mahali ambapo hakuna mbolea kabisa.

Lakini likatokea tatizo lingine. Vile vijani vya mvinje vinavyofanana na sindano vikawa vinaanguka vinarundikana chini haviozi, ni vigumu mno, na bila kuoza hakuna udongo unaotengenezeka, miti inakula akiba yake ikiisha basi. Haller akagundua kuna jongoo wanavila vile vijani. Jongoo tu, huyuhuyu tunayemruka njiani! Wakakusanywa jongoo kwa mamia wakaachiliwa chini ya mivinje, wakawa wanakula, kinyesi chao bakteria wanakimalizia, udongo mweusi ukaanza kujikusanya juu ya mwamba, kidogo kidogo. Baada ya hapo ndo zikaweza kuingia aina nyingine za miti, ndege wakaja na mbegu zao, na 1984 pakafunguliwa kwa wananchi. Leo panaitwa Haller Park, kuna viboko na twiga na kobe wakubwa, na mgeni asiyejua anaweza kudhani ni msitu wa asili.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu watu wakisikia bustani wanauliza mti gani unapendeza. Swali lenyewe ni mti gani unaweza kuanza hapa, na nani atamlisha huyo mti. Inaitwa miti tangulizi, inakwenda mbele kuandaa njia, ile ya jamii ya kunde, mivinje, na kwenye nchi za baridi wanatumia jamii ya alda na betula. Miti mizuri ya kudumu inakuja nyuma yao. Na mche wa urefu wa goti unashika haraka kuliko mti mkubwa uliohamishwa, kwa sababu mizizi yake inalingana na majani yake, ila mche mdogo haupendezi kwenye picha kwa hiyo watu wanaagiza mikubwa na inakufa kwa gharama kubwa.

Kuna mtu atasema huko ni mwamba tu, ardhi yetu imeungua na asidi. Basi aangalie Sudbury, Canada. Kule waliyeyusha nikeli na shaba kwa miongo mingi, msitu ukakatwa kuwa kuni za kuchomea mawe ya madini, moshi wa salfa ukaua kilichobaki, mvua ikaosha udongo, yakabaki mawe meusi kabisa, hekta 20,000 tupu na nyingine 80,000 zimekonda. 1978 wakaanza kurudisha. Kilichokuwa kinaua mimea kilikuwa ile asidi iliyotokana na moshi pamoja na madini yaliyoachiwa nayo, kwa hiyo kabla ya kupanda chochote wakamwaga chokaa ya kusagwa ili kuipunguza makali, na milimani mashine zisikopanda watu walibeba mifuko mgongoni wakaimwaga kwa mikono. Wengi wao walikuwa wanafunzi na watu waliopoteza ajira migodini. Chokaa, kisha mbegu za nyasi na mbolea kidogo, kisha miti. Mpaka leo imeshapandwa zaidi ya milioni 10 na bado wanaendelea, wameingia mwaka wa arobaini na ngapi huko. Nawaza wale waliokuwa wanabeba mifuko, wamepoteza kazi kwenye mgodi halafu wanaajiriwa kuponya kilichoharibiwa na huohuo mgodi. Kama kuna ajira ya kumpa mtu aliyefukuzwa kiwandani ni hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo hata mimi lilinishangaza na limebadilisha mawazo yangu. Saa zingine kazi nusu imeshafanyika na sisi tunakuja kuifyeka. Berlin, Ujerumani, kulikuwa na kituo kikubwa cha kupanga mabehewa ya treni, treni zikaacha kufanya kazi pale 1952, pakaachwa. Hakuna aliyepanda kitu. Baada ya miongo michache pakawa msitu, miti imeota katikati ya reli. Serikali ilipotaka kufyeka ijenge kituo kipya wakazi wakakataa, wakapigana miaka, na 2000 pakafunguliwa kama hifadhi ya wananchi, Südgelände, watu wanapita kwenye njia za chuma zilizoinuliwa ili wasikanyage mimea. Na Uingereza, pale Canvey Wick, ardhi iliyoandaliwa kwa ajili ya kiwanda cha mafuta kisha ikaachwa ilikutwa na zaidi ya aina 1,400 za wadudu na wenzao wadogo, baadhi ni adimu mno, na wanaishi pale kwa sababu ya zile sehemu za mchanga mtupu na maua ya porini, ungepanda miti kila mahali ungewaua. Kwa hiyo kabla ya kupitisha buldoza tupite kwa miguu kwanza, mvua na kiangazi, tuone nani tayari anaishi humo. Msitu mzuri unaachiwa na uwazi wake.

Nimesema udongo, nimesema miti, sasa watu. Miche mingi inakufa miaka mitatu ya mwanzo na inakufa kwa vitu vidogo sana, nyasi zimeizunguka zimeinyima maji, mbuzi amepita, mtu amewasha moto wa taka ukasambaa. Kuufyekea mche nyasi mita moja kuzunguka, kuutandazia majani makavu, kuumwagilia kiangazi cha kwanza, hizo ni kazi za mtu anayeishi karibu. Hazifanywi na mkandarasi aliyelipwa siku ya kupanda akaondoka. Marehemu Wangari Maathai alilielewa hili toka alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti kule Kenya, 1977, akina mama walikuwa wanaotesha miche yao wenyewe na wanapewa malipo kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopona, sio uliopandwa. Natamani kila mradi wa namna hii ulipwe hivyohivyo, hela nyingine ishikwe mpaka mwaka wa tatu, watu waende wakahesabu iliyo hai ndo imaliziwe. Ule mradi wetu ungelipwa kwa utaratibu huo kuna mtu angerudi.

Na wananchi washirikishwe kabla mchoro haujachorwa. Mama anayepita pale alfajiri kwenda kazini atakwambia hataki vichaka virefu kandokando ya njia, anataka kuona mbele, na ana haki. Vijana watataka kiwanja cha mpira. Wazee waliofanya kazi kiwandani wengi wanataka kitu kibaki, bomba la moshi, tanuri, geti. Pale Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilifungwa 1985, wananchi wakapinga kisibomolewe, na mbunifu Peter Latz akakiacha kimesimama akatengeneza bustani ya hekta zipatazo 180 kuzunguka matanuri yake, watu wanapanda kuta za zamani kwa kamba na kuna wanaojifunza kuzamia ndani ya tangi la gesi lililojazwa maji. Mtu aliyepoteza miaka yake ishirini humo ndani anaweza kumleta mjukuu wake akamwonyesha, mimi nilikuwa nasimama hapa.

Lililobaki ni la hati na la pesa, nalo halina maneno mengi. Ardhi ikipendeza bei yake inapanda, na palipokuwa jalala hakuna aliyepataka watatokea wengi wanapataka. Kwa hiyo matumizi ya ile ardhi yafungwe kisheria iwe msitu wa umma kabla mche wa kwanza haujaingia chini, iandikwe kwenye hati, isiwe ahadi ya jukwaani. Na wenyeji wa kuzunguka pale walindwe, wapangaji waliovumilia moshi miaka yote wasije wakafukuzwa na kodi mwaka ambao hewa inakuwa safi. Kuhusu nani alipe kusafisha, Azimio la Rio la 1992 kwenye kanuni ya 16 limesema aliyechafua ndiye abebe gharama. Kama kampuni bado ipo, imebadilisha jina au imehamia kwingine, iulizwe. Kama haipo tena, serikali ilipe na ilipe kwa miaka, msitu hauishi ndani ya mwaka mmoja wa bajeti.

Mwezi uliopita nilirudi tena kwenye kile kiwanja chetu. Sikuwa na matumaini yoyote, nilikuwa napita tu. Kwenye kona ya nyuma karibu na ukuta nikakuta mti mmoja, mmoja katika yote tuliyopanda siku ile, umenipita urefu mara mbili. Nikashangaa kwa nini huu. Yule mzee wa getini safari hii nilimfuata nikamuuliza, akaniambia pale palikuwa na mtaro, ulichimbwa kisha ukajazwa udongo mwororo wa kuletwa, malori hayajawahi kupita juu yake. Nikachimba kidogo kwa vidole chini ya majani yaliyoanguka, udongo mweusi, mwepesi, una nyungunyungu.

Tumeshakaa tena kikundi, wachache kuliko mara ya kwanza. Tumeandika kuomba kibali cha kuchukua sampuli za udongo, hatujaomba mche hata mmoja. Yule mzee ametuchorea ramani kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda, ameweka alama sehemu nne za kuziogopa. Naomba kupitia gazeti lako, Ndugu Mhariri, yeyote aliyewahi kufanya kazi ndani ya kiwanda kilichofungwa na anakumbuka vitu vilimwagwa wapi, aende akawaambie wanaopanga kupanda miti hapo, na wao wamtafute yeye wasisubiri aje.

Wako,
Msomaji na mpanda miti